Menyu Niliyoihamisha Kimya Kimya

Siku mliponiaga nilipostaafu mlinipa birika la umeme na kitenge cha mke wangu, kisha mkaniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla yenu. Birika tumelitumia mara mbili tu, maana huku kwetu Nyangamara umeme una ratiba zake. Kuandika ndiko kulikonishinda. Nina mengi ya kuwachekesha na moja lisilochekesha hata kidogo, na kila nikianza na yale ya kuchekesha najiona nadanganya. Nimeamua kuyaandika kama yalivyofuatana. Jina la hospitali siliandiki, ninyi mnaijua.

Niliingia chumba cha kumbukumbu nikiwa nimetoka kidato cha nne, kabla ya kompyuta. Aliyenipokea ni mzee Kaisi, mtunza kumbukumbu, Mmatumbi mfupi ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Kadi za wagonjwa zilikaa kwenye makabati ya chuma, zimepangwa kwa vijiji, na vijiji vyenyewe vilipangwa kwa namna aliyoijua yeye na Mungu. Kikole ilikuwa droo ya chini karibu na mlango. Songo Mnara ilikuwa juu kabisa upande wa dirisha, labda kwa sababu visiwa vinahitaji hewa.

Jumamosi yangu ya kwanza niliingia peke yangu nikapanga kila kitu kwa alfabeti. Nilijiona msomi. Jumatatu manesi walikuja kutafuta kadi, mikono yao ikaenda palepale ilipozoea, ikatoka na kadi za watu wengine. Hadi saa nne foleni ilikuwa imefika nje kwenye bomba la maji. Mzee Kaisi akanivutia kiti.

"Athumani, umepanga vizuri," alisema.

"Ahsante, mzee."

"Haya. Sasa rudisha kama zilivyokuwa."

"Lakini mzee, huu mpangilio wangu ni bora."

"Huenda. Ila hawa hawatafuti kwa macho, wanatafuta kwa mikono. Siku ukitaka kuhamisha droo, waambie kwanza wanaoifungua, mmoja mmoja. Kisha ngoja wiki."

Kuzirudisha kulinichukua siku mbili. Nilikuwa nimenuna, na yeye alinisaidia. Alistaafu, akafariki kabla kompyuta hazijafika. Nimewahi kushukuru kwamba hakuwepo kuona nilichokuja kukifanya.

Kompyuta zilipokuja zilikuja na Denis, kijana wa Dar es Salaam aliyefunga mfumo. Alikuwa na haraka na roho nzuri. "Mzee Athumani, hii kitu ni nyepesi kinoma," aliniambia siku ya kwanza, na mimi wakati huo sikuwa hata mzee. Tulifundishwa ukumbini. Daktari mmoja aliinua mausi akaielekeza kwenye skrini kama rimoti ya televisheni. Muuguzi wa chumba cha upasuaji aliona kwenye menyu neno "Zana", akafurahi sana, akabofya ili aagize mikasi mipya. Mtu aliyetafsiri yale maneno ofisini kwake sidhani kama alijua yatasomwa na watu wanaotumia zana za kweli.

Shida ya ule mfumo ilikuwa wingi wa vitu. Ukifungua menyu moja inashuka orodha ndefu, na ndani ya orodha kuna mshale, na ukigusa mshale inatoka orodha nyingine pembeni, na mkono ukiteleza kidogo zote zinafungwa unaanza upya. Nesi mwenye wagonjwa arobaini hana muda huo. Denis aliniona nimekaa kila jioni nikibofya kimoja kimoja na kuandika kwenye daftari kila kinachofanya nini, akanifungulia ukurasa wa mipangilio na kunipa nywila. Kuanzia hapo niliweza kuficha kisichotumika, kubadili maneno, kupandisha kitu juu au kukishusha, kwa wodi moja au kwa hospitali nzima. Wakaniita Bwana Menyu. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Nilijifunza kwa kukosea. Mara moja nilificha kitufe cha kuprinti kwenye duka la dawa nikidhani hawakitumii. Mfamasia alinakili orodha za dawa kwa mkono wiki nzima bila kulalamika, akidhani ni agizo kutoka juu. Tangu siku hiyo nilikaa kwanza na mtu, nikamtazama anavyofanya kazi, nikahesabu anachogusa mara nyingi, ndipo nikamgusia menyu yake. Na nikishaigusa simwachi. Nakaa naye mpaka nione mkono wake umeacha kusitasita. Hilo ndilo ningependa mlichukue kwangu. Nililijua vizuri, na ndiyo maana sina kisingizio.

Sasa nimfikie Sista Zainabu.

Alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake, mtu wa Kikole, amenizidi miaka kama saba hivi. Nilimwamkia shikamoo tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Wodi yake ilinukia sabuni, na wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa waliletwa kitanda cha karibu na meza yake makusudi. Siku moja alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Athumani, nikuambie kitu, kisitoke humu."

"Niambie, dada."

"Sioni vizuri. Maandishi ya ile skrini nayaona kama mchele uliomwagika. Jicho la kulia ndilo baya zaidi."

"Daktari wa macho amesemaje?"

"Mtoto wa jicho. Nimeambiwa nisubiri operesheni. Wakijua hapa watanitoa wodini, wataniweka stoo nihesabu mashuka. Wodini naona vya kutosha. Sindano naona, mgonjwa namwona. Ni hiyo kompyuta tu."

Ningeweza kumshauri aseme ukweli. Badala yake nilifurahi kwamba amekuja kwangu. Nilikuza maandishi ya kompyuta yake mpaka mwisho. Nilificha kila kitu asichokihitaji. Kisha nikamfundisha kuhesabu. Menyu ya kumfunga mgonjwa kwenye mfumo anapoondoka ilikuwa na maneno manne: Ameruhusiwa, Amepewa rufaa, Ametoroka, Amefariki. Nilimwambia, "Dada, usiangalie. Kuruhusu ni kushuka mara moja kwa kitufe cha mshale, halafu unabonyeza ingiza. Kufariki ni mara nne." Tulikaa mchana mzima yeye amefumba macho mimi nikimtajia. "Rufaa!" Vidole vinakwenda. "Ameruhusiwa!" Vinakwenda. Alicheka kama msichana. Kwa miaka minne aliifanya kazi hiyo bila kosa hata moja, haraka kuliko vijana.

Siku zile vijana wa mapokezi walikuwa wananisumbua. Orodha ya vijiji ilikuwa ndefu, na wagonjwa wa kijiji kimoja mara nyingi huja pamoja, kwa hiyo walichoka kushuka mpaka chini kila mara. Waliomba kile walichochagua mwisho kibaki juu. Nilifungua mipangilio nikaona kisanduku kimeandikwa hivyohivyo: kilichotumika mwisho kitangulie. Nikaweka tiki. Nilijaribu kwenye mapokezi, kikafanya kazi, vijana wakanishukuru. Sikusoma mstari wa chini yake uliosema mpangilio huu utahusu menyu zote. Sikumwambia mtu wodini. Ilikuwa Jumatano, nikaenda kula.

Kesho yake asubuhi, bibi mmoja alifariki katika wodi ya wanawake na muuguzi wa zamu iliyotangulia akamfunga kwenye mfumo. Neno "Amefariki" likapanda juu. Baada yake Sista Zainabu akakaa kumfungia mgonjwa aliyeruhusiwa. Alikuwa Mwanaidi, mwanamke wa Songo Mnara aliyefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo akapona vizuri. Kaka yake Issa alikuwa aje kumchukua siku ileile. Zainabu akashuka mara moja, akaingiza, akamwambia Mwanaidi aende akamsubiri kaka yake nje.

Ofisini kwangu majina mawili yakatokea kwenye orodha ya waliofariki. Kazi ya kuwapigia ndugu ilikuwa yangu. Kawaida nilipiga kwanza simu ya wodi kuhakikisha. Siku hiyo simu ya wodi haikuwa na mlio, na wodi ilikuwa hatua hamsini. Sikutembea hatua hizo. Mfumo ulikuwa umesema.

Nilimpigia Issa. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyazoea, nikayasema taratibu. Issa akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Jana shangazi kamwacha anakula." Nikamwambia ndivyo inavyotokea wakati mwingine. Nilisema hivyo, kwa sauti ya mtu anayejua.

Walifika alasiri, Issa na wanaume wawili, na sanda imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nilitoka kuwapokea ili niwapeleke chumba cha maiti. Tulipogeuka kona ya jengo, Issa akasimama. Mwanaidi alikuwa ameketi kwenye benchi la nje na kifurushi chake miguuni.

"Kaka, mbona mmechelewa hivi?" akasema.

Issa alikaa chini palepale kwenye saruji. Mmoja wa wale wanaume akaanza kulia kwa sauti, mwingine akacheka, na Mwanaidi akatutazama mmoja mmoja bila kuelewa, mpaka macho yake yakafika kwenye ule mfuko. Sanda inajulikana. Alinyoosha mkono kuigusa, akaurudisha.

Furaha ile ilidumu dakika chache. Simu ya Issa ililia kutoka kijijini. Baba yao, mzee Bakari, alikuwa na presha ya siku nyingi. Alikuwa amepokea taarifa ya binti yake akiwa ameketi, akasimama ili akawaonyeshe vijana mahali pa kuchimba, akaonyesha, akarudi, akaanguka mlangoni. Issa alipiga kelele kwenye simu, "Mwambieni mzima! Mwambieni Mwanaidi mzima!" Walimwambia. Hakuna aliyejua kama alisikia. Boti ilipofika na Mwanaidi akiwa hai ndani yake, mzee Bakari alikuwa ameshakata roho. Walimzika katika kaburi lililochimbwa kwa ajili ya mwanawe.

Jioni ileile, kabla jua halijazama, nilifungua mipangilio. Nilikiona kile kisanduku, na safari hii nikausoma mstari wa chini. Niliondoa tiki. Nilijiambia naondoa ili asiumie mtu mwingine, na hiyo ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba niliondoa kabla hajaja mtu kutazama.

Kamati ya uchunguzi ilikaa Jumatatu. Nami niliitwa, kama mtaalamu wa mfumo. Sista Zainabu alikuwa amevaa sare yake iliyopigwa pasi, mikono juu ya magoti.

"Nilifanya kama ninavyofanya siku zote," alisema. "Nilishuka mara moja, nikaingiza."

Mganga mkuu akaniomba nifungue ile menyu mbele ya wote. Nikaifungua. Ameruhusiwa ilikuwa juu, Amefariki chini kabisa.

"Sista, ungeshuka mara moja ungepata 'Ameruhusiwa'," mganga mkuu alisema, bila ukali. "Hebu nisomee neno la tatu hapo."

Zainabu akasogeza kiti. Akainamisha kichwa, akakaza macho, akakisogeza kiti tena. Tulikuwa watu sita chumbani.

"Silioni," alisema.

"Tangu lini huoni?"

Alinitazama. Sijui aliniona kwa kiasi gani kwa macho yale, lakini uso wake aliuelekeza kwangu, akasubiri. Nilifikiri: nikisema, nitafukuzwa, na watoto bado wanasoma. Nilifikiri pia: siri ya macho si yangu kuitoa. Siri ilikuwa imeshatoka yenyewe, mezani, mbele yetu. Nikazima kompyuta.

Walimwondoa wodini wiki ile. Miezi iliyobaki kabla ya kustaafu aliimaliza stoo, akihesabu mashuka. Watu wa mjini hawakuwa na huruma. Nilisikia sokoni wakisema, "Ni yule nesi kipofu aliyemzika mzee wa watu kwa kompyuta." Nilikuwa nanunua vitunguu. Nikalipa nikaondoka.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi vizuri, ninyi ni mashahidi. Nilitenganisha "Amefariki" na mengine, nikaiweka peke yake chini, nikaweka swali: una uhakika? Nikaweka na sharti la jina la daktari. Nikakataa kabisa menyu zinazojipanga zenyewe. Mlikuwa mnanicheka, mnasema mzee haogopi nyoka, anaogopa orodha inayosogea. Mlidhani ni ukaidi wa uzee. Sikuwaambia.

Mwezi mmoja baada ya kustaafu nilikwenda Kikole. Sista Zainabu alikuwa barazani anachambua mchele kwa vidole. Alifanyiwa operesheni jicho la kushoto, linaona. La kulia lilishaharibika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sauti hii naijua. Athumani! Karibu, karibu. Hadija, mletee mgeni kiti."

Hadija ni binti yake. Nilikaa. Tukaulizana habari za nyumbani, za mikorosho, za waliokufa. Aliponiuliza kilichonileta, nilimwambia yote, kuanzia kisanduku mpaka jioni niliyoondoa tiki. Nilimwambia nikitazama chini. Vidole vyake viliendelea kwenye mchele, kisha vikaacha.

"Kwa hiyo nilishuka mara moja," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Nikaingiza."

"Ndiyo."

"Athumani, unajua mimi nimefanya nini miaka yote hii? Kila siku nahesabu. Nimelala nahesabu, nasali nahesabu. Mara moja, ingiza. Mara moja, ingiza. Najiuliza, Zainabu, ulishuka mara ngapi? Nikafika mahali nikaamini nilishuka mara nne. Nikaona kabisa kidole changu kinashuka mara nne." Akausogeza mchele pembeni. "Umenifanya nikumbuke kitu ambacho sikufanya."

Nilimwomba msamaha. Akageukia mlangoni.

"Hadija! Njoo hapa. Athumani, rudia. Mwambie huyu, alipigana shuleni kwa sababu yangu."

Nikarudia. Hadija alinisikiliza amesimama, mikono imekunjwa, akaingia ndani. Baadaye alileta muhogo na samaki, akaweka sahani mbele yangu kwa nguvu.

"Kula," Zainabu alisema. "Sijakusamehe. Kula, kisha kesho kutwa tunakwenda Songo Mnara."

Tulikwenda. Issa hakuwepo, alikuwa baharini. Mwanaidi alitukaribisha chini ya paa la nyumba yake, na mtoto wake wa kike mgongoni. Nilieleza tena, mara ya tatu, na haikuwa rahisi zaidi. Zainabu alikuwa ameketi pembeni yangu. Mwanaidi alimsogelea akamshika mikono, akaishikilia muda mrefu. Mimi hakunigusa.

"Nilikuwa kwenye lile benchi," aliniambia hatimaye. "Dirisha lako lilikuwa wazi. Nilikusikia unaongea na simu, unatoa taarifa ya msiba, sauti yako nzuri kabisa. Jina sikulisikia. Nikasema moyoni, masikini, kuna mtu huko amefiwa. Nikamwombea dua."

Nikasimama nikatoka nje, nikashindwa kurudi ndani mpaka Zainabu alipokuja kunichukua.

Niliporudi nyumbani niliandika barua hospitalini nikaomba kumbukumbu za kazi za Sista Zainabu zirekebishwe, maana mpaka leo zinasema uzembe. Nilijibiwa kwa adabu na mmoja wenu, na simlaumu. Ameeleza kwamba mfumo wa zamani ulishafungwa, majalada ya kamati hayakuhamishiwa kwenye mfumo mpya, na kwenye menyu ya mfumo mpya hakuna sehemu ya kurekebisha kosa la mtumishi ambaye ameshastaafu. Ameitafuta, ameikosa.

Basi naliandika hapa, kwa kuwa hakuna pengine pa kuliandika. Siku ile Sista Zainabu alishuka mara moja, akaingiza. Hakukosea. Aliyekosea ni mimi, Athumani, na nilikuwa chumbani walipomuuliza.